Alikuwa Kanisani Asubuhi Ile

Mazungumzo ya ibada kutoka redioni
Somo: Mithali 30:7-9

 

Wengi wetu tumepita katika barabara ile iteremkayo bondeni kwenda Mai Mahiu, na tumeliona kanisa dogo lililo kando ya njia. Kanisa lile lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Vita vilipokwisha, wafungwa kama hao walirudishwa kwao. Je, tumepata kujiuliza walikuta nini nyumbani? Walikuta nchi iliyoshindwa vitani, nyumba zilizobomolewa, fedha iliyopungua thamani, na wanaume wengi waliosimama nje ya ofisi za kazi tangu asubuhi wakingoja majina yao yaitwe.

Leo twataka kuitazama picha moja ya sinema iliyotengenezwa katika mji wa Roma miaka ile ile. Pengine mtu atauliza, sinema na ibada vina uhusiano gani? Twajibu kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwafundisha watu kwa hadithi za mpanzi, za mwana mpotevu, hata za msimamizi dhalimu. Hadithi ya kweli juu ya moyo wa mwanadamu yaweza kutusaidia kujiona. Sinema hiyo jina lake la Kiitaliano ni Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baiskeli. Aliyeitengeneza ni Vittorio De Sica, nayo ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948. Mwaka 1950 ilipewa heshima huko Marekani pamoja na tuzo za Oscar. Ndani yake hamna bunduki wala majumba ya kifahari. Ni habari ya mtu mmoja maskini na baiskeli yake.

De Sica hakuwatafuta waigizaji wenye sifa. Sehemu ya baba aliicheza Lamberto Maggiorani, mtu wa kawaida aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Sehemu ya mtoto aliicheza mvulana mdogo, Enzo Staiola. Picha nyingi zilipigwa katika barabara zenyewe za Roma, na watu waonekanao wakipanga foleni ni watu walioijua foleni.

Habari yenyewe ni hii. Antonio Ricci amekaa muda mrefu bila kazi. Siku moja jina lake laitwa. Atapewa kazi ya kubandika mabango ya matangazo kwenye kuta za mji, lakini kwa sharti moja: lazima awe na baiskeli. Baiskeli anayo, ila ameiweka rehani ili watoto wale. Mkewe, Maria, hasemi mengi. Anavua shuka za kitandani, anazifua, anazifunga pamoja na zile alizokuwa amezitunza tangu arusi yake, na kuzipeleka katika duka la rehani. Karani anazipokea na kuzipandisha juu kwenye rafu. Hapo ndipo twaona rafu zile zinavyokwenda juu hadi karibu na dari, zimejaa mafurushi ya shuka za watu wengine. Mji mzima unalala bila shuka.

Baiskeli yakombolewa. Asubuhi inayofuata Antonio aenda kazini kwa furaha, naye Bruno mwanawe aenda kwenye kituo cha petroli, kwa maana hata yeye, mtoto mdogo, anafanya kazi. Siku hiyo hiyo ya kwanza, Antonio akiwa juu ya ngazi akibandika bango, kijana mmoja akaichukua baiskeli na kukimbia nayo. Antonio alipiga kelele, akafukuza, lakini hakumpata. Alikwenda polisi, wakaandika habari zake katika kitabu, basi. Kwao ilikuwa ni baiskeli moja tu. Kwake yeye ilikuwa ni unga, kodi ya nyumba na heshima ya mwanamume mbele ya mkewe.

Siku ya Jumapili Antonio na Bruno walizunguka Roma kuitafuta, wakisaidiwa kwanza na rafiki zake wazoa taka. Walipita katika masoko ambako baiskeli za wizi hufunguliwa na kuuzwa vipande vipande, hapa gurudumu, pale kengele. Mvua ikawanyeshea. Na hapa, wapendwa, twaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndipo sinema hii inapogonga mlango wetu sisi watu wa kanisa.

Antonio alimwona mzee mmoja aliyekuwa amezungumza na yule mwizi. Akamfuata, na mzee akaingia kanisani. Ilikuwa ibada ya maskini. Mabwana na mabibi wenye mavazi mazuri walikuwa wamekuja kuwahudumia. Maskini walinyolewa ndevu, wakapangwa katika viti, wakapewa vitabu vya sala, na baada ya ibada wangepewa supu. Antonio aliketi karibu na mzee yule akamsihi kwa kunong'ona amwambie kijana anakaa wapi. Sauti ikapanda. Wale wahudumu wakaja haraka. Wakamnyamazisha. Wakamhimiza asiwasumbue watu wanaosali. Katika vurugu ile mzee akatoroka, na Antonio akabaki akikimbia huku na huku kati ya viti, kama mtu mwenye wazimu.

Tusiwacheke Wakristo wale wa Roma. Walikuwa wameacha mapumziko yao ya Jumapili ili kuwalisha wenye njaa, na hilo ni jambo jema. Supu ilikuwa supu ya kweli. Lakini mtu aliingia katika nyumba ya Mungu akiwa na taabu iliyoandikwa usoni, na katika watu wote waliokuwamo hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Ndugu, umepatwa na nini?" Walimwona kuwa ni kelele. Ratiba ya ibada ilikuwa na nafasi ya wimbo, ya sala na ya supu, lakini haikuwa na nafasi ya Antonio.

Alipotoka pale, matumaini yake yalianza kuporomoka. Kwa uchungu alimpiga mwanawe kofi. Baadaye akaenda kwa mpiga ramli, ingawa hapo kwanza alimcheka mkewe kwa kuamini mambo hayo. Mwenye kufungiwa mlango wa kanisa hatakosa mlango mwingine wa kubisha. Mwisho akamwona yule kijana mwizi, akamfuata hadi mtaani kwao. Kijana akaanguka kifafa. Majirani wakamzingira Antonio kwa vitisho. Askari akaingia kupekua nyumba, na twaona kwamba nyumba ya mwizi ni chumba kimoja, mama na watoto wote humo humo, na hakuna baiskeli. Yule aliyemwibia maskini alikuwa maskini vilevile.

Alasiri ikafika. Antonio na Bruno walikaa kando ya barabara karibu na uwanja wa kandanda. Ndani watu walishangilia. Nje zilipangwa baiskeli, mamia kwa mamia. Na mlangoni mwa nyumba moja upande wa pili, baiskeli moja ilikuwa imeegemezwa ukutani, peke yake. Antonio aliitazama, akageuka. Akaitazama tena. Alisimama, akaketi, akasimama. Kisha akampa Bruno nauli, akamwambia apande gari aende amngojee mahali fulani. Hakutaka mtoto aone. Halafu akaenda, akaipanda ile baiskeli, akaanza kuiendesha kwa nguvu zake zote.

Sisi hupenda kusema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Antonio hakumaliza hata dakika tano. Mwenye baiskeli alipiga kelele, na watu wakatokea kila upande. Alipoibiwa yeye, alipiga kelele zile zile, na mji mzima haukuweza kumsaidia. Sasa mji mzima ulikuwa na miguu ya kukimbia. Walimkamata, wakamsukuma, wakampiga makofi, kofia yake ikaanguka chini. Naye Bruno, aliyechelewa gari, alisimama pale akiona yote. Alimkimbilia baba yake akilia, akamshika koti. Akaiokota kofia, akaipangusa vumbi.

Wapendwa, na tusimame hapo kidogo. Je, Antonio alikosa? Naam, alikosa. Amri ya nane haina kifungu kisemacho "isipokuwa mwenye shida". Na tufikiri juu ya yule mwenye baiskeli ya pili. Pengine naye alikuwa na mke aliyeuza shuka. Pengine naye angepoteza kazi kesho yake. Dhambi ya Antonio haikumwumiza tajiri. Ilikuwa karibu kumfanya mtu mwingine awe kama Antonio. Ndivyo ilivyo katika umaskini mkubwa: maskini huchukua kilicho karibu na mkono wake, na kilicho karibu ni mali ya maskini mwenzake. Ndiyo maana sinema hii haikuitwa Mwizi wa Baiskeli, bali Wezi wa Baiskeli. Asubuhi tulimchukia mwizi. Jioni tulimlilia. Na ni kosa lile lile.

Hapo ndipo twalielewa somo letu. Aguri bin Yake alimwomba Mungu mambo mawili kabla hajafa, na moja lilikuwa kwamba asipewe umaskini wala utajiri, bali alishwe chakula kimtoshacho. Sababu zake alizitaja waziwazi: akishiba sana aweza kumkana Bwana, na akiwa maskini aweza kuiba na kulitia aibu jina la Mungu wake. Angalieni unyenyekevu wa mtu huyu. Hakusema kwamba watu wabaya huiba. Alisema kwamba yeye mwenyewe, Aguri, mcha Mungu, aweza kuiba, akibanwa vya kutosha. Wengi wetu hatujaiba kwa sababu hatujawahi kusimama pale Antonio aliposimama. Hiyo ni neema, wala si sifa yetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi humhukumu asiyemjua.

Na sasa turudi kwetu, maana katika nchi yetu twakijua kilio cha "Mwizi! Mwizi!" Twajua kinavyowaleta watu wenye mawe, na wakati mwingine wenye gurudumu na petroli. Katika umati ule huwamo watu waliobatizwa. Wengine hawarushi jiwe. Husimama tu wakitazama, au huinua simu wapige picha. Mtu huuawa kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya simu, na pengine hakuiba kabisa. Kule Roma ni nini kilichomwokoa Antonio? Mwenye baiskeli alimtazama, kisha akamtazama mtoto aliyeishika kofia ya baba yake. Akakaa kimya. Ndipo akasema aachiliwe. Hakusema wizi ni haki. Alimwona mtoto, basi. Kila mshukiwa anayeburutwa barabarani ana mtu mahali fulani anayemwita baba, au mama, au mwanangu. Mkristo ni yule amtafutaye mtoto huyo kwa macho yake kabla ya kuinama kuokota jiwe. Polisi wapo, mahakama zipo, na hata zikiwa na upungufu wao, jiwe letu halitaziponya. Bwana wetu alisulubiwa katikati ya wahalifu wawili, na mmoja wao ndiye aliyeahidiwa peponi siku ile ile.

Lakini jambo letu kubwa la leo si lile la jioni. Ni lile la asubuhi. Mwenye baiskeli alimhurumia Antonio, nasi twamsifu, lakini huruma ile ilikuja Antonio akiwa amekwisha kuanguka, na baada yake Antonio alikwenda zake bila baiskeli, bila kazi na bila uso wa kumtazamia mwanawe. Tuna nafasi gani, basi, ya kumfikia mtu kabla? Tulikuwa nayo. Alikuwa kanisani asubuhi ile. Saa chache kabla ya kuwa mwizi, aliketi katika kiti cha kanisa, bega kwa bega na watu wa Mungu.

Twawauliza, na twajiuliza pia sisi tunaovaa kanzu: ni akina Antonio wangapi walioketi katika viti vyetu Jumapili iliyopita? Baba aliyepunguzwa kazini, na bado hajamwambia mkewe. Mama ambaye kodi yake imechelewa miezi mitatu. Kijana aliyemaliza shule na vyeti vyake, ambaye jana rafiki yake alimwonyesha njia ya mkato ya kupata fedha. Walisimama tuliposimama, wakaketi tulipoketi, wakatoa sadaka ya shilingi kumi, wakatoka. Tuliwasalimu mlangoni, wakajibu, "Twamshukuru Mungu." Kesho tukisikia kwamba mmoja wao amekamatwa, tutashangaa na kusema, "Hata mtu wa kanisa!"

Wapendwa, na tufanye mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, tuulize, tena tungoje jibu. Wazee wa kanisa na akina mama wa Umoja wana orodha ya wagonjwa wa kutembelewa. Na wawe pia na orodha ya waliopoteza kazi. Mtu asiye na kazi ni mgonjwa asiyelazwa.

La pili, tuangalie rehani zetu. Torati, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 24, yakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa hilo ndilo maisha ya mtu. Yaamuru kwamba vazi la maskini lirudishwe jua linapokuchwa, apate kujifunika. Tena yasema mkopeshaji asiingie nyumbani kutwaa rehani, asimame nje. Sasa hebu tufikiri juu ya vikundi vyetu vya mikopo. Twajua mahali ambapo mwenzetu akishindwa kulipa, wenzake huingia nyumbani mwake, wakabeba viti, sufuria, hata godoro, watoto wakiwa wanatazama. Jumapili huimba pamoja naye. Deni ni halali kudaiwa, na ahadi ni deni. Lakini cherehani ya mshonaji, pikipiki ya kijana wa boda boda, jiko la mama muuza maandazi, hayo ni mawe ya kusagia. Tukiyatwaa, tumemwachia nini cha kutulipia?

La tatu, huruma yetu ifike Jumatatu. Mtume Paulo, katika Waefeso 4:28, amwambia mwizi asiibe tena. Lakini haishii hapo. Amwambia afanye kazi kwa mikono yake, ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Antonio alikuwa na mikono, na alikuwa na nia. Alichokosa ni baiskeli moja. Kanisa lililokuwa na sufuria za supu kwa watu wengi hivyo, lilishindwa kupata baiskeli moja? Halikushindwa. Halikujua, kwa sababu halikuuliza. Yesu hakumsamehe Zakayo kwa mbali, barabarani, akapita. Aliingia nyumbani kwake, akaketi mezani. Huko ndiko mambo yalikonyoka.

Baada ya sinema ile kumalizika, Lamberto Maggiorani alirudi kiwandani. Baadaye wafanyakazi walipopunguzwa, naye aliachishwa. Mtu aliyewaliza watu wa dunia nzima kwa kuigiza asiye na kazi, akawa hana kazi kwelikweli. Ni rahisi kulia mbele ya picha. Ni vigumu zaidi kumwona mtu.

Mwishoni mwa sinema Antonio na mwanawe watembea kati ya umati. Baba analia. Mtoto hasemi neno, bali aunyosha mkono wake mdogo na kuushika mkono wa baba yake, nao wakapotea machoni petu katika wingi wa watu. De Sica aliishia hapo, maana msanii aweza kuishia hapo. Kanisa haliwezi. Watu wale wawili wanakwenda nyumbani, na nyumbani kitanda hakina shuka.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, Baba wa maskini, tulishe leo chakula kitutoshacho, tusishibe tukakusahau, wala tusipungukiwe tukalitia aibu jina lako. Wakumbuke walioamka leo bila kazi, na wale wanaosimama saa hii mbele ya kitu kisicho chao. Uwashike mkono kabla hawajaunyosha. Utuondolee mawe mikononi mwetu. Utufungue macho, ili Jumapili ijayo tumwone aliyeketi karibu nasi, tukamwulize habari zake, na Jumatatu tuwe tungali tukimkumbuka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.